Kulala Hemani Katika Nchi ya Dubu: Jibu kwa Msomaji wa Boise

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Boise, katika jimbo la Idaho, Marekani. Mwishoni mwa Agosti nataka kuipeleka familia yangu katika hifadhi ya Yellowstone kwa siku 5: mke wangu, watoto wetu wawili wa miaka 14 na 8, na shemeji yangu atakayekuja kututembelea kutoka Morogoro. Tutalala kwenye mahema, na usiku mmoja tungependa kulala ndani kabisa ya pori. Nimekulia kando ya Mikumi, kwa hiyo simba na tembo nawajua, lakini dubu sijawahi kumwona. Kila mtu ananishauri lake: mmoja anasema tupande mti, wa pili tujifanye maiti, wa tatu tupigane naye, wa nne ninunue bunduki, wa tano tuvae kengele. Mke wangu ameambiwa kwamba mwanamke akiwa katika siku zake asithubutu kwenda. Tushike lipi? Na je, moto tukiuwasha usiku kucha hautoshi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa sababu maswali mengi ya namna hii hunifikia hema likiwa limekwisha pakiwa kwenye gari. Nitakujibu yote, ila si kwa mpangilio uliouliza, kwa maana jambo moja ambalo hukulitaja kabisa, yaani chakula, ni zito kuliko yote uliyoyataja.

Nianze na Mikumi, kwani ndiko kosa linakoanzia. Mtu aliyekulia kando ya mbuga akisikia habari za mnyama mkubwa mwenye kucha humfikiria simba, kisha huchukua maarifa yote aliyorithi kuhusu simba na kumvika dubu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipotoka kwenye kazi ya hifadhi huko nyumbani na kuanza kufanya kazi Montana, na ilinichukua msimu mzima kuyavua maarifa hayo. Grizli, yule dubu mkubwa wa kahawia wa Yellowstone, hashindi akiwinda. Hula nyasi, mizizi anayoichimbua, matunda ya porini, mbegu za misonobari, sisimizi, samaki, ndama wa elk (kulungu mkubwa wa huko) wakati wa kuzaa, na mizoga anayoikuta. Wakati wa kiangazi wapo wanaopanda hadi kwenye miteremko ya mawe ya milima ya Absaroka kutafuta nondo waliojificha chini ya mawe, na dubu mmoja aweza kumeza nondo wapatao 40,000 kwa siku moja. Mnyama wa namna hiyo kwa kawaida hakutazami kama windo. Ukitaka mfano wa nyumbani, chukua wanyama wawili kwa pamoja. Mbele ya chakula chako dubu ni kama nyani, yule anayeujua mlio wa mfuko ukifunguliwa, na ambaye akionja mkate wa mgeni mara moja hamwachi mgeni mwingine apite kwa amani. Njiani ni kama nyati aliyejilaza kichakani: hana haja na wewe, lakini ukimkanyagia usingizi wake kwa karibu atakumaliza kwanza na kufikiri baadaye.

Yellowstone ina dubu wa aina mbili, dubu mweusi wa Amerika na grizli, ambaye ni dubu wa kahawia wa bara. Majina yasikudanganye, kwani dubu mweusi aweza kuwa wa kahawia au wa rangi ya mdalasini, na grizli aliye kivulini huonekana mweusi tii. Tazama umbo. Grizli ana nundu ya misuli juu ya mabega, uso uliobonyea kati ya macho na pua, masikio mafupi ya mviringo, na kucha ndefu za mbele zinazoweza kufikia sentimita 10. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yake yamesimama zaidi, na kucha zake ni fupi zilizopinda vizuri kwa kukwea miti. Wafundishe watoto tofauti hiyo kwa picha kabla ya safari, kwa sababu huko mbele tutaihitaji.

Wala usidhani kwamba grizli anaanzia kwenye lango la hifadhi. Mwaka 1975, serikali ya Marekani ilipomweka chini ya ulinzi wa sheria katika majimbo yote isipokuwa Alaska, katika ukanda mzima wa Yellowstone walikadiriwa kubaki dubu 136 tu. Leo wanakadiriwa kuwa wapatao 1,000, na wamerudi kwenye mabonde ambako hawakuonekana kwa vizazi. Ukitoka Boise ukapitia Idaho Falls na kulala Island Park kabla ya kuingia West Yellowstone, kama wasafiri wengi wanavyofanya, tayari umelala katika nchi yake, hata kama hujakata tiketi ya hifadhi.

Sasa chakula. Kuna wakati Yellowstone yenyewe iliwalisha dubu. Takataka za hoteli zilimwagwa kwenye majalala, viti vikapangwa kama vya uwanja wa mpira, na wageni wakakaa jioni kuwatazama grizli wakigombea mabaki, huku barabarani dubu weusi wakiomba biskuti kwenye madirisha ya magari. Matokeo yake yameandikwa na hifadhi yenyewe: kati ya mwaka 1931 na 1969, dubu walijeruhi kwa wastani watu 48 kila mwaka, mbali na mali iliyoharibiwa. Kisha ukaja usiku wa tarehe 13 Agosti 1967 katika hifadhi ya Glacier, kaskazini mwa Montana, ambapo wasichana wawili wenye umri wa miaka 19 kila mmoja waliuawa na grizli wawili tofauti, katika kambi mbili zilizotenganishwa na milima, usiku huo huo mmoja. Kwenye mojawapo ya sehemu hizo mabaki ya chakula yalikuwa yakimwagwa karibu na nyumba ya wageni ili wageni wapate kuwaona dubu. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuuawa na grizli katika Glacier tangu hifadhi hiyo ianzishwe mwaka 1910. Majalala ya Yellowstone yalifungwa, la mwisho likifungwa mwaka 1970, kulisha dubu kukakomeshwa kwa nguvu ya sheria, na leo wanaojeruhiwa na dubu katika Yellowstone ni wastani wa mtu mmoja hivi kwa mwaka, ingawa wageni wameongezeka hadi mamilioni. Dubu walikuwa wale wale, wenye meno yale yale, na kilichobadilika ni sufuria za watu.

Kwa hiyo ukiwa kambini, neno chakula lipe maana pana kuliko uliyoizoea. Kila chenye harufu ni chakula, awe binadamu anakila au hakili: dawa ya meno, sabuni, losheni, mafuta ya nazi ya nywele, marashi, udi, kitambaa kilichofutia sufuria, mfuko wa takataka, kisanduku cha barafu hata kikiwa kitupu, na ile peremende moja iliyosahauliwa kwenye mfuko wa suruali ya mtoto. Vyote hivi havilali hemani. Katika kambi za Yellowstone zinazofikika kwa gari, sehemu nyingi zina kabati la chuma lenye komeo ambalo dubu hawezi kulifungua. Likiwapo litumie, na lisipokuwapo weka vitu ndani ya gari, funga vioo hadi mwisho na ufunge milango kwa ufunguo. Usiache meza imetandikwa hata kwa dakika 10 mnapokwenda kuona mto. Ukienda siku nyingine Yosemite, kule California, sheria hubadilika: huko usiku chakula hakiruhusiwi kubaki ndani ya gari, kwa sababu dubu weusi wa huko wamejifunza kuchana milango kama mtu anavyofungua kopo la samaki. Watafiti waliochunguza magari yaliyovunjwa huko kati ya mwaka 2001 na 2007 waligundua kwamba dubu walipendelea magari ya familia, yale yanayofanana na Noah za kwetu, kuliko idadi yake ilivyokuwa kwenye maegesho. Mojawapo ya sababu walizozitaja ni kwamba ndiyo magari yenye watoto, na penye watoto huwa pana makombo kwenye viti.

Najua utauliza kuhusu nyama choma na dagaa, maana Mtanzania hapigi kambi kwa biskuti. Nyama choma sikunyimi, ila ichome mchana kwenye viwanja vya kupumzikia vilivyotengwa kwa ajili hiyo, kula, safisha vyombo na wavu wa jiko hadi harufu ipungue, tupa mabaki kwenye mapipa ya hifadhi ambayo yametengenezwa kwa namna ambayo dubu hawezi kuyafungua, kisha ondoka uende kulala kwingine. Jioni kambini kula vitu visivyonuka sana. Dagaa waache Boise. Nasema hivi kwa uchungu, kwani nawapenda, lakini pua ya dubu hunasa harufu kutoka kilomita nyingi, na harufu ya dagaa waliokaangwa hukaa kwenye nguo na nywele hata baada ya sinia kuoshwa. Nguo ulizopikia zivue, uzihifadhi pamoja na chakula, na ulale na nguo nyingine. Mabaki usiyachome motoni ukidhani umeyamaliza, kwa sababu mifupa na mafuta haviungui vyote, na jivu lenye harufu ya mafuta ni karamu.

Usiku ule wa kulala porini utahitaji kibali cha hifadhi na utapangiwa sehemu maalumu ya kambi, ambayo kwa kawaida huwa na mti au nguzo iliyolazwa juu kwa ajili ya kutundikia chakula. Kanuni ya Yellowstone ni kwamba mzigo uning'inie angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina lolote, na hema lisimame umbali wa kama mita 91 kutoka mahali mnapopikia na kutundikia. Pima umbali huo kwa hatua, si kwa macho, maana jioni ya uchovu hatua 30 huonekana 100. Upepo nao uangalie, ili harufu ya jiko isipite juu ya hema. Badala ya kutundika waweza kutumia pipa dogo gumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na ukinunua chagua lile lenye muhuri wa kamati ya serikali inayoshughulikia grizli. Mapipa hayo hujaribiwa West Yellowstone, katika kituo cha kutunza grizli wasioweza kurudishwa porini, ambapo dubu wenyewe hukabidhiwa pipa lenye asali au samaki ndani na kuachwa wapambane nalo kwa dakika 60. Kituo hicho kiko njiani kwenu, na kingekuwa kituo chenu cha kwanza kama ningekuwa ninyi: mtoto wa miaka 8 akiona kilo 200 za mnyama zikirukia chombo cha chakula hatakuwa na haja ya kukumbushwa kuhusu peremende.

Moto uliouliza hautoshi. Dubu haogopi moto kwa namna tuliyozoea kuamini kwamba simba anauogopa, na moto wa kambi aghalabu unanuka chakula. Uwashe kwa joto na mazungumzo pale unaporuhusiwa, kisha uuzime kwa maji kabla ya kulala, kwa sababu mwishoni mwa Agosti misitu ya huko ni mikavu.

Kuhusu kutembea, kanuni yangu ya kwanza ni kupiga hodi. Wamarekani humwita dubu kwa sauti, nasi tuna neno letu lililo bora zaidi, kwa sababu kazi yake hasa ni kumwambia aliye ndani kwamba mgeni yuko mlangoni. Kila mnapokaribia kona isiyoonyesha mbele, kichaka kinene, ukingo wa kilima, au mto unaovuma kiasi cha kumeza nyayo zenu, pigeni hodi kwa sauti ya tumbo na makofi mawili matatu, na wakati mwingine endeleeni kuzungumza kama watu waendao sokoni. Dubu akisikia sauti ya binadamu mapema huondoka, mara nyingi bila ninyi kujua kwamba alikuwapo. Kengele zile ndogo ulizoshauriwa ni za kuwauzia watalii, kwani mlio wake haufiki mbali, na upepo ukivuma hausikiki hata kwa aliyevaa. Mtoto wako mkubwa asivae vidude vya muziki masikioni njiani. Mdogo atembee katikati ya watu wazima, asitangulie mbio, kwa kuwa mtoto anayekimbia na kupiga kelele nyembamba ndiye asiyefaa kuwa wa kwanza kuifikia kona.

Mko watano, na hilo ni jema. Hifadhi inashauri watu watembee watatu au zaidi, kwa sababu wengi wa waliojeruhiwa na grizli katika Yellowstone walikuwa peke yao au wawili. Msitawanyike, basi, wengine wakawa mbele nusu kilomita na shemeji nyuma akipiga picha. Tembeeni mchana, si alfajiri wala magharibi. Mkiona kunguru wengi wakizunguka mahali pamoja, au mkinusa mzoga, geukeni mara moja mrudi mlikotoka, kwa maana grizli hulinda mzoga wake kwa ukali kuliko anavyolinda kitu kingine chochote isipokuwa watoto. Safari yenu inaangukia majira ambayo dubu anaanza kula bila kushiba, akijiwekea mafuta ya miezi ya kulala, na kichwa chake kikiwa ndani ya matunda hasikii vizuri. Ndiyo maana Agosti na Septemba hodi huongezwa sauti. Sheria ya Yellowstone inakutaka ukae angalau mita 91 kutoka kwa dubu yeyote, hata umwonaye akila kwa utulivu kando ya barabara, na hata kama wageni 50 wengine wamemkaribia na simu zao.

Silaha ninayokushauri ni kopo la pilipili ya kupuliza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya dubu. Ile ndogo ya kujikingia wezi mjini haifai. Sheria inataka kopo hilo lipulize angalau umbali wa mita 7.6, na uzito wa dawa usipungue gramu 225. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa dubu Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao, uliopitia matukio ya Alaska kuanzia 1985 hadi 2006, ulionyesha kwamba pilipili hiyo iliwazuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio na dubu weusi katika asilimia 90, na karibu watu wote walioitumia hawakujeruhiwa kabisa. Lakini kopo lililo ndani ya begi halina faida, kwa sababu grizli hukimbia karibu kilomita 56 kwa saa, na muda utakaokuwa nao ni wa kuvuta pumzi mara mbili. Kila mtu mzima awe na lake kiunoni au kifuani, na mtoto wa miaka 14 aweza kufundishwa. Fanyeni mazoezi nyumbani kwa kopo la mazoezi lisilo na pilipili: kuchomoa, kuondoa kizuizi cha usalama, kuelekeza chini kidogo ya kichwa cha mnyama, na kupuliza anapokuwa kama mita 9 hadi 18, ili akimbilie ndani ya wingu lenyewe. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kopo. Usiliache kwenye gari lililopigwa na jua, maana laweza kupasuka. Na wala usipulize kwenye hema, nguo au ngozi kama dawa ya mbu! Wapo waliofanya hivyo. Mbali na kujiunguza, Tom Smith huyo huyo aliwahi kuwaona dubu wa Alaska wakivutiwa na mabaki ya pilipili iliyokauka na kujigaragaza juu yake.

Mkikutana naye kwa karibu, msikimbie, na hili lisemeni kwa watoto mara nyingi hadi walichoke. Anayekimbia humwamsha dubu hamu ya kufukuza, na hakuna binadamu anayemshinda mbio, awe anapanda au anashuka mlima. Simameni pamoja, mtoto mdogo ashikwe mkono au abebwe, zungumzeni kwa sauti ya chini isiyotetemeka, toeni pilipili, na rudini nyuma polepole bila kumkazia macho. Kama anasimama kwa miguu miwili, mara nyingi anatafuta kuona na kunusa vizuri, si kwamba anatangaza vita. Aweza pia kuwajia kwa kasi kisha akasimama ghafla au kupita pembeni. Hilo ni tishio la uongo, na kusimama imara ndiko kunakolimaliza. Suala la mti tuliache. Dubu mweusi hukwea kwa kasi sana, na grizli naye, ingawa ni mzito, amewahi kuwafuata watu mitini. Mti wenyewe hauko karibu siku unapouhitaji.

Sasa tufike pale ambapo marafiki zako wawili waligongana, yule wa kujifanya maiti na yule wa kupigana. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na kinachoamua ni sababu ya dubu kushambulia. Grizli mnayemshtua, au mama mwenye watoto, hushambulia ili kuondoa hatari, kama nyati yule. Akikugusa, na pilipili imeshindwa au hukuiwahi, lala kifudifudi na begi lako likiwa mgongoni, fumbata mikono nyuma ya shingo, panua miguu ili asikugeuze kwa urahisi, na unyamaze. Akiona hatari imekwisha huacha, na hapo usiinuke upesi. Subiri dakika kadhaa hadi uwe na hakika kwamba ameondoka. Lakini dubu anayekufuata kimya kimya kwa mbali, anayerudi baada ya kufukuzwa, au anayekuja hemani usiku, huyo anakutazama kama chakula, awe mweusi au grizli, na kwake kujifanya maiti ni kumrahisishia kazi. Pigana naye kwa mawe, fimbo, sufuria na ngumi, ukilenga pua na macho, na watu wote wapige kelele kwa pamoja. Dubu mweusi akikugusa, pigana naye siku zote. Herrero na wenzake walipochunguza vifo vya watu 63 waliouawa na dubu weusi wasiofugwa Amerika Kaskazini kati ya 1900 na 2009, waliona kwamba sehemu kubwa ya mashambulizi hayo ilikuwa ya uwindaji, na karibu yote yalifanywa na madume. Ndiyo maana ile habari ya nundu na kucha si ya darasani tu.

Kuhusu hema usiku, nikupe tukio moja. Julai 2021, katika mji mdogo wa Ovando, Montana, wasafiri wa baiskeli walikuwa wamelala kwenye mahema katikati ya mji. Usiku wa manane grizli alifika, wakaamka, wakamfukuza, wakaondoa chakula kwenye mahema, kisha wakarudi kulala mahali pale pale. Saa chache hazikupita, dubu yule alirudi na kumwua mmoja wao ndani ya hema, na wachunguzi walitaja chakula na vitu vya kuogea vilivyokuwa ndani na karibu ya mahema kuwa miongoni mwa vilivyomvuta. Waliokuwa kwenye hema la jirani walimfukuza kwa pilipili. Basi dubu akiingia kambini kwenu usiku, hata akiondoka kwa upole, usiku huo hema limekwisha kazi yake: hamisheni watu wote kwenye gari au jengo, na mtoe taarifa kwa askari wa hifadhi. Kwa sababu hii hii hifadhi hairuhusu hema la kitambaa katika kambi ya Fishing Bridge, kando ya Ziwa Yellowstone, bali magari ya kulala yenye kuta ngumu pekee, na kwa hiyo usiipange kambi hiyo kwenye ratiba yako.

Bunduki sikushauri. Sheria inakuruhusu kuwa nayo hifadhini lakini si kuifyatua, na hata tukiweka sheria kando, uchunguzi wa matukio 269 ya Alaska uliochapishwa mwaka 2012 haukuona tofauti ya maana ya majeraha kati ya waliotumia bunduki dhidi ya dubu na wasiozitumia. Kumlenga mnyama anayekuja kwa kasi kupitia vichakani, huku watoto wakilia nyuma yako, ni kazi ambayo hata askari wa doria aliyezoea huiogopa.

Mwambie mkeo asiogope kwa ajili ya siku zake. Uvumi huo ulipata nguvu baada ya vifo vya Glacier vya 1967, lakini kumbukumbu za Yellowstone zilizochunguzwa kwa miongo kadhaa hazionyeshi kwamba grizli au dubu weusi huwavamia wanawake kwa sababu hiyo. Linalohitajika ni kwamba vitu vilivyotumika vifungwe vizuri na vihifadhiwe pamoja na takataka nyingine, mbali na hema, na visizikwe ardhini.

Tangu Yellowstone ianzishwe mwaka 1872, waliouawa na dubu ndani yake ni watu 8. Maji yake na chemchemi zake zinazochemka zimeua wengi zaidi, kwa hiyo mkono wa mtoto wa miaka 8 uushike kwa nguvu zaidi kwenye madaraja ya mbao yanayopita juu ya chemchemi kuliko kwenye njia ya msituni. Na shemeji yako atakaporudi Morogoro asijaribu kuondoka na kopo lake la pilipili kama kumbukumbu, kwani haliruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye sanduku. Akuachie wewe, tarehe yake ikiwa bado, na msimu ujao litakuwa na kazi.